Gurudumu la Majengo na Uzito wa Mama

Wajukuu zangu walirudi kutoka Dar es Salaam wakinisimulia bustani za michezo, bembea zinazozunguka na watu wazima wanaolipa ili wapigishwe kelele. Wakaniambia, "Bibi, huku Mpanda hakujawahi kuwa na kitu." Nikawaambia kaeni chini. Mimi sikusoma sana. Nilijifunzia kusoma kwenye darasa la kanisani, nikaachishwa nilipoonekana nimekua. Lakini niliyoyaona kwa macho yangu siwezi kuyaacha yasemwe vingine.

Miaka ya hamsini sisi tulikuwa na michezo mitatu, na kila mmoja ulikuwa na mtu wake aliyeutunga.

Wa kwanza ulikuwa kiberenge, kile kigari cha kusukumwa relini. Reli ilikuwa ngeni bado, na fundi mmoja wa gengi la reli alikuwa akipakia watu Jumapili baada ya ibada, anawasukuma mpaka kwenye mninga mmoja mkubwa, kisha anawarudisha. Mtu anavaa nguo nzuri, anakaa, anasukumwa, hafiki popote, anashuka pale pale alipopandia, na anashukuru. Sikuelewa raha yake, na mpaka leo sielewi. Nilipanda mara nne.

Wa pili ulikuwa mtelezo wa Kawajense. Huo aliubuni mzee mmoja Mnyamwezi aliyekuwa akinunua nta na asali kwa warina asali wa porini. Alilaza mabati kwenye mteremko akayapaka nta. Asubuhi mtelezo ulikuwa mzuri. Jua likipanda, nta inayeyuka, bati linaunguza, na watu walishuka wakiwa wameshika makalio, hawana hamu ya kuongea. Mzee mwenyewe hakuteleza hata siku moja. Alisema mtunzi hachezei kazi yake.

Wa tatu ndio ninaotaka kuueleza, kwa sababu ulinihusu mimi.

Kulikuwa na fundi mbao kwenye mgodi wa risasi, yaani ile risasi ya madini. Alitoka Ikola, kwao ni wachonga mitumbwi. Kule mgodini aliona gurudumu la kuteremshia ndoo shimoni, akawaza: hili likipandisha ndoo, kwa nini lisipandishe watu? Akaomba mbao zilizotupwa, akajenga gurudumu pale Majengo, kwenye uwanja nyuma ya soko. Lilikuwa refu kupita nyumba ya bati. Halikuwa na injini. Wanaume walishika ukingo wakalisukuma kwa mikono. Lilikuwa na masanduku mawili tu ya kukalia, moja huku na moja kule, ya mbao za makasha ya baruti.

Kwa sababu alizaliwa kwenye mitumbwi, aliogopa kitu kimoja: upande mmoja kuzidi mwingine. Kwa hiyo hukupanda bila kupimwa. Yule mzee wa nta aliletwa na mizani yake, unaning'inizwa kama mkungu wa ndizi, anatangaza frasila zako mbele ya watu, halafu unatafutiwa mwenzako wa uzito ule ule. Wanawake wengi walirudi nyumbani hapo hapo kwenye mizani.

Fundi huyo ndiye aliyeleta posa kwetu.

Baba hakumtaka. Alikuwapo mgane mmoja mwenye ng'ombe, na baba akimwangalia mgane yule alikuwa haoni mtu, anaona ng'ombe. Lakini kwetu kwa binti wa kwanza neno la mwisho lilikuwa la mama, na mama alikuwa amesema atajibu baada ya sikukuu. Mimi nilimtaka fundi. Sikuulizwa. Nilikuwa nasubiri kama nyama inavyosubiri kukatwa.

Sasa mila. Posa ikishafika, mama na mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwingine apite. Hawasemeshani, na mkwe hakai wala hasimami mahali palipo juu ya kichwa cha mama mkwe. Basi mama atamjuaje? Akasema, "Mtu siwezi kumtazama, lakini kazi yake haikuniletea posa. Nitaenda kuitazama."

Siku ya sikukuu tukaenda Majengo, mama, baba na mimi. Fundi alipoambiwa mama anakuja, alijificha nyuma ya wigo wa majani aliousimamisha pembeni, akawaachia wenzake kazi ya kusukuma. Mama akalizunguka gurudumu lile mara mbili. Akagonga mbao, akavuta misumari, akanusa grisi. Halafu akasema, "Nipimeni."

Baba akasema, "Mke wangu, tumekuja kutazama."

"Wewe ng'ombe wa yule bwana uliwatazama tu? Si uliwashika mpaka meno?"

Mzee wa nta alikuwa mtani wetu, na mama alipokaa kwenye mizani alifurahi kupita kiasi. "Frasila tano na ratili mbili! Mtani, wewe ukiwa nta nakuuza Tabora najenga nyumba."

"Na wewe ukiwa nta," mama akamjibu, "hata mshumaa mmoja hutoki."

Mwenye uzito ule alikuwa mmoja tu uwanjani, muuza nyama wa Majengo. Mama akaingia sanduku moja kwanza. Wakasukuma. Mama alipanda amenyooka kama yuko kanisani. Akafika juu kabisa, sanduku la pili likafika chini, muuza nyama akaingizwa humo, na hapo akainua macho akaona anakokwenda. Akaruka. Mtu mnene vile, sikujua anaweza kuruka. Akakimbia kuelekea soko bila kiatu kimoja.

Gurudumu likatikisika. Wanaume sita wakalidaka ukingoni wakaning'inia nalo. Mama akabaki juu, chini sanduku tupu.

"Msiachie!" mzee wa nta akapiga kelele. "Mkiachia, mtani wangu anashuka kama gogo!"

Pale juu mama akageuza kichwa. Wigo wa majani unamficha mtu kwa aliye chini. Kwa aliye juu haufichi kitu. Akamwona fundi mzima mzima, amechuchumaa, anakula karanga.

Mama akajifunika uso kwa kanga. "Nani amemweka mkwe wangu pale? Mmenipandisha huku nimwone?"

Fundi hakuwa na pa kukimbilia. Kila upande wa uwanja unaonekana kutoka juu. Kulikuwa na gunia karibu, akalivaa kichwani mpaka kiunoni, akasimama hivyo hivyo, miguu nje.

Wakatafuta mawe ya kujaza sanduku la chini. La kwanza lilitupwa kwa pupa likatoboa sakafu ya sanduku likaanguka mguuni kwa mmoja wa washikaji, na washikaji wakabaki watano. Ubao wa kukalia tu ndio ulibaki mzima. Sasa alihitajika mtu wa kukaa pale polepole, miguu ikining'inia. Mzee akapima watu saba. Wote wepesi. Halafu akaliangalia gunia lenye miguu.

"Leteni hilo."

Wakaliongoza kama kipofu, wakalitundika kwenye mizani. Frasila tano na ratili moja.

Baba akawaka. "Haiwezekani! Mama akishuka, huyu anapanda. Mkwe akae juu ya kichwa cha mke wangu? Mnataka tufukuzwe na ukoo?"

"Mkwe yuko wapi?" mzee akauliza. "Mimi nimepima gunia. Gunia ni mzigo."

"Mzigo gani una miguu?"

"Mbuzi hana miguu? Akipandishwa garimoshi pale stesheni si anaandikwa mzigo? Umesikia mbuzi ameandikwa abiria?"

Watu wakakubali. Hata katekista wetu aliitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Mbuzi wa baba mwenyewe walishaandikwa hivyo. Nikamtazama mama kule juu. Akasema kutoka ndani ya kanga, "Kama ni mzigo, upakieni."

Wakaupakia. Washikaji wakaanza kuachia kidogo kidogo. Mama akawa anashuka, gunia linapanda upande wa pili. Walipofika usawa mmoja, katikati, mama akapaza sauti: "Simamisheni hapo!"

Wakasimamisha. Kati yao palikuwa na mhimili tu.

"Mzigo," mama akasema.

Gunia likageukia upande mwingine.

"Mzigo, nakusemesha. Au na mizigo nayo ina mila?"

"Naam," gunia likajibu.

"Unakunywa pombe?"

"Sikukuu, mama."

"Leo ni sikukuu."

"Leo nilikuwa na kazi."

"Ikola umeacha mke?"

"Sikuacha. Niliacha mtumbwi haujaisha."

"Kwa nini haujaisha?"

"Mwenyewe alitaka niuwahishe sokoni. Nikamwambia mti haujakauka, utapasuka. Akatafuta fundi mwingine."

"Ukapasuka?"

"Haukupasuka mama. Mpaka leo wanauvulia dagaa."

Watu wakacheka sana, hata washikaji, na gurudumu likatikisika. Mimi sikucheka. Nilimlaani moyoni: kwa nini asiseme ulipasuka? Nani angekwenda Ikola kuuchungulia?

"Mama, mikono inatukatikia," mmoja wa washikaji akalia.

"Mliambiwa mshike, shikeni," mama akasema. "Mzigo, hili la leo kosa ni la nani? La muuza nyama?"

Kila mtu pale alijua ni la muuza nyama. Kiatu chake kilikuwa bado uwanjani. Baba alikuwa akisubiri kwa hamu fundi naye alaumu mwingine, asimzidi mgane yule, ambaye kila ng'ombe wake alipofia shambani kwa watu, kosa lilikuwa la watu.

"Ni langu," gunia likasema. "Ilipasa niweke kizuizi cha kumzuia mtu asitoke. Nilidhani kupimwa uzito kunatosha. Sikumuuliza kama anaogopa."

Kutoka nilipokuwa nimesimama niliona kanga ya mama tu, na mkono wake umeshika ukingo wa sanduku. Akakaa hivyo mpaka mshikaji mmoja akaanza kumwomba Mungu kwa sauti. Ndipo akasema, "Shusheni."

Akafika chini. Gunia likawa juu kabisa, miguu inaning'inia angani, juu ya kichwa cha mama barabara. Uwanja mzima ulikuwa unaona. Wanawake wawili wakamkimbilia mama kumtoa.

"Shuka, dada, umefika salama."

Mama akaweka mguu nje, halafu akautazama ule ukingo na wale wanaume watano waliokuwa wakitetemeka kama wana homa. Akaelewa. Akishuka yeye, yule wa juu hana wa kumshikilia. Akarudisha mguu ndani.

Baba akaja. "Toka. Tumekwisha kuona kazi yake. Mtu karibu akuue, sasa amekukalia kichwani."

"Nikitoka ataanguka."

"Si mzigo? Mzigo ukianguka unaokotwa."

Nikiwa binti wa kuposwa, sikutakiwa kufungua mdomo mbele ya watu. Nikaufungua. Nikasema, "Mama, usitoke."

Baba alinigeukia kwa jicho ambalo sijalisahau. Mama hata hakunitazama. Alikuwa anajisogeza vizuri kwenye ubao, anapanga kanga magotini kama mtu anayejua atakaa.

"Mume wangu," akasema, "nenda kamwambie yule bwana asilete ng'ombe wake. Sina nafasi ya kuwapokea, nimeshikilia mkwe."

"Umesema nani?"

"Umesikia. Nenda. Na wewe mtani, badala ya kunichekea, tuma watu wamlete muuza nyama."

Baba alikwenda. Hakwenda kwa furaha, lakini alikwenda, na kufika jioni mgane alikuwa amekwisha kujua. Muuza nyama alipatikana chini ya meza yake ya kukatia nyama, akaletwa ameshikwa na watu wanne na kurudishiwa kiatu. Mama alikaa katika sanduku lile muda wote huo, akaomba maji, akanywa, akamkosoa mshikaji mmoja jinsi anavyosimama. Kule juu gunia halikusema neno, na yeye hakulisemesha tena. Alikwisha kuliita mkwe. Mila ilikuwa imerudi.

Muuza nyama alipofika alitaka kulia. Mama akasogea kidogo, akamwekea nafasi aanze kukaa kabla yeye hajatoka, nyonga kwa nyonga. Akamwambia, "Kaa. Ukiruka mara hii, shemeji, nitakufuata mpaka buchani na kisu kitakuwa changu."

Akakaa.