Mpunga Ulioota Ndani ya Haisi

Mvua sina ugomvi nayo. Mvua ya kwetu Katavi naijua, ikiamua kuja inakuja, na hata ile iliyolibeba gari la kaka yangu sijawahi kuilaumu. Ninaowakasirikia ni watu wa bima, na hata hao siwezi kuwakasirikia vizuri, kwa sababu mmoja wao alikula kuku kwetu Misunkumilo na akamshukuru mama kwa mikono miwili.

Kaka alilima tumbaku Inyonga kwa muda mrefu, mpaka vidole vyake vikawa na rangi ya majani yale. Akanunua haisi. Haikuwa mpya, ilishazunguka kwa watu wengine kabla ya kufika Mpanda, lakini siku aliyoingia nayo nyumbani mama alitandika khanga kwenye siti ya mbele ndipo akakaa. Mimi nilikuwa nimeishia form two, niko nyumbani nauza karanga. Kaka akaniambia, mdogo wangu, njoo uwe konda. Nikaenda. Abiria wa njia ya Mpimbwe walinizoea, wengine wakinitania kwamba konda wa kike hasahau mtu wala chenji. Nami nilikuwa na mpango wangu. Kaka akinunua haisi ya pili, hii ya kwanza nitaendesha mimi. Nilishachagua hadi maneno ya kuandika kwenye kioo cha nyuma. Sitayataja hapa, bado nayataka.

Gari la huku linazeeka ukiwa unalitazama. Kiangazi lile vumbi jekundu linaingia hadi mahali ambapo hata upepo hauingii. Jua lilipasua dashibodi yetu ikawa kama kisigino cha mtu anayeshinda shambani. Raba za vioo zilikauka, ukizigusa zinabanduka vipande vipande. Masika yakija ni tope la mbuga, lile jeusi, linaganda chini ya milango na kutu inaanza kula kimyakimya. Kaka alikuwa anapaka rangi hapa, kutu inatokea pale.

Kwa hiyo alipokata bima kubwa, stendi nzima ilicheka. Wenzake wote walikuwa na bima ndogo, ile ya kumlipa uliyemgonga tu, ili trafiki asikusumbue. Dereva mmoja mwenye mdomo mrefu alisema kulikatia bima kubwa gari kuukuu ni sawa na kumvisha bibi kizee shela. Kaka akamjibu kwamba hata bibi kizee akianguka anahitaji wa kumwinua. Wakacheka tena. Lakini nilimjua kaka. Ile haisi ndiyo ilikuwa tumbaku yake yote, kila jani, na alitaka pawe na mtu mahali fulani anayelijua hilo.

Siku yenyewe tulikuwa tunarudi kutoka Mpimbwe na abiria na magunia ya mpunga, mengine tumeyapanga chini ya siti za nyuma. Tukafika kwenye korongo lisilo na daraja, ambalo gari hupita chini, juu ya zege. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Tulifanya kama kawaida ya njia ile: abiria wote walishuka, wakavuka kwa miguu, mimi nikiwa mbele nimeshika viatu vya bibi mmoja, ili gari lipite jepesi. Jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa inanyesha huko juu ambako hatukuona. Kaka alipofika katikati injini ikazima, na tulipogeuka maji yalishabadilika rangi. Nilimwita. Akaruka, akatoka amelowa hadi kifuani. Haisi ikasogea taratibu, kama mtu anayesukumwa kwenye foleni, ikageuka ubavu, ikaenda kukwama kwenye mti huko chini. Maji yakapita juu ya usukani. Abiria waliimba wimbo wa kanisani, wakashukuru Mungu hakuna aliyeumia. Mimi nilikuwa bado nimeshika viatu vya bibi.

Maji yalipopungua, wafugaji wa Kisukuma walileta ng'ombe wao wa plau wakalivuta gari hadi juu. Lori likaliburuza mpaka nyumbani. Kaka akapiga simu bima, akaambiwa mkaguzi atakuja kutoka Mbeya. Kwa mara ya kwanza tangu korongoni nilimwona anapumua. Akasema, "Sasa watajua kwa nini nililipa."

Hapo ndipo mama alipotoka na ndoo.

Kwetu mgeni hakuti uchafu. Hata msibani watu hufagia kwanza ndipo walie. Na huyu alikuwa mgeni wa kutoka mbali, na gari lilikuwa limejaa tope hadi kwenye taa. Mama aliita majirani wawili, wakaja wamejifunga khanga, na sote tukaosha. Siti tulizitoa tukazianika uani. Tope la injini fundi alilisukuma kwa maji. Oili ilikuwa imekuwa kama chai ya maziwa, akaimwaga, akaweka nyingine kwa heshima. Jirani mmoja alileta nta ya nyuki akaichanganya na mafuta, akasugua dashibodi mpaka nyufa zikajificha. Jioni haisi ilikuwa inang'aa kuliko siku iliponunuliwa. Haiwaki, lakini inang'aa. Kaka naye alisimama akaitazama, akafurahi.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vya kubana. Akazunguka gari, akapiga picha, akachungulia oili, akaona oili safi. Akauliza kama tuliifungua injini. Kaka akasema kwa fahari kwamba ndiyo, tumeisafisha yote. Akaandika. Mama akamkaribisha kuku na ugali, naye akala, akanawa, akamwambia mama gari lako safi kabisa. Neno hilo mama alitembea nalo wiki nzima.

Majibu yalipokuja kwa simu, kaka alikuwa amekaa kwenye tairi la akiba uani. Nilimwona akisikiliza, akisikiliza, halafu akasema asante, akakata. Walisema mkaguzi hakuona dalili za kutosha kwamba gari lilizama. Injini imeguswa kabla ya ukaguzi. Ubovu wake unaonekana ni wa uzee. Wako tayari kulipia mlango uliogonga mti.

"Mlango," kaka akasema. "Wanilipe mlango."

Nilitaka kusema ni ile ndoo. Alinikatiza kabla sijafungua mdomo, akaonyesha jikoni kwa kidevu, ambako mama alikuwa anapepeta mchele. "Huyo asijue. Umenielewa? Kamwe."

Basi tukawa tunaishi na siri ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Simu za bima tulikuwa tunaenda kuzipigia Kashaulili, nyuma ya maduka, kisingizio tunafuata chumvi. Nilimjua dada wa ofisini kwa sauti kuliko ninavyowajua shangazi zangu. Alikuwa na maneno yake: tunalifanyia kazi, mhusika yuko nje ya ofisi, tuma tena zile picha. Tulituma tena zile picha za gari linalong'aa, ndizo pekee tulizokuwa nazo. Kabla hajapokea, simu inakupigia muziki, na ule muziki unakula vocha yako taratibu huku umesimama juani. Abiria wetu wa zamani wakipita wananiuliza haisi inarudi lini. Nasema karibuni. Yule dereva mwenye mdomo mrefu alimuuliza kaka kama shela bado iko kabatini, na kaka, ambaye zamani angejibu, alinunua chumvi tuliyokuwa hatuihitaji akaondoka.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyesema uongo. Mkaguzi aliandika alichokiona. Mama alifanya anachokifanya mama. Ukitafuta wa kumpigia kelele humpati, unabaki na kelele zako tumboni.

Mvua ziliendelea. Haisi ilikaa uani imefungwa, na hakuna aliyependa kuifungua. Siku moja niliingia kutafuta spana ya fundi. Ndani palikuwa na joto la sufuria iliyofunikwa, na harufu ya shamba. Nikadhani naota. Nyuma kabisa, chini ya siti ndefu ambayo tulishindwa kuing'oa kwa sababu boliti zilishakula kutu, palikuwa na majani. Mabichi kabisa, membamba, yamesimama kwa mstari. Nilipiga magoti nikayashika. Mpunga. Punje zilizomwagika kwenye magunia zilikuwa zimekaa kwenye tope la korongo ambalo ndoo yetu haikulifikia, na maji ya mvua yalikuwa yanapenya kwenye raba ya kioo iliyopasuliwa na jua, yanaumwagilia tone kwa tone. Nilicheka peke yangu mle ndani, halafu nikalia kidogo, halafu nikatoa simu nikapiga picha.

Kaka alitazama picha muda mrefu. Akamtumia mkaguzi mwenyewe, siyo ofisi. Jibu likaja: nakuja.

Asubuhi ya siku aliyosema angefika, niliamka nikachukua fagio kama kawaida. Uwanja ulikuwa umejaa majani ya mwarobaini na kinyesi cha kuku. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Acha," akasema.

Nikamuuliza niache nini.

"Usifagie. Leo mgeni akute uchafu." Akatazama yale majani kama mtu anayetazama moto unaounguza nyumba ya jirani. "Nyie mnadhani hii nyumba ina kuta za benki? Nilisikia siku ileile."

Nilisimama na fagio langu. Muda wote ule wa kufuata chumvi, alikuwa anajua. Alikuwa ameiweka hiyo chumvi yote kwenye ndoo, anaona inajaa, hasemi.

Mkaguzi alikuja na viatu vilevile. Safari hii alivivua, akaingia kwa magoti hadi siti ya nyuma. Akaingiza mkono ndani ya mlango uliopinda, akautoa ukiwa mweusi hadi kwenye kiwiko. Akasema gari hili lilizama. Kaka akamwambia ndicho alichokuwa anasema tangu mwanzo.

"Ila mlilisafisha sana, kaka yangu," mkaguzi akasema.

Mama akainuka pale kwenye kigoda. "Niliosha mimi, mwanangu. Kwetu mgeni hakuti uchafu. Ungetuma neno kwamba unataka matope, ningekuwekea."

Yule kijana alitazama mkono wake mchafu, halafu akamtazama mama, akamwomba radhi. Mama akamwambia maji ya kunawa yapo, ila kuku leo hayupo.

Nilidhani hapo ndipo hadithi inapoisha vizuri. Walikubali kwamba gari limekufa, halitengenezeki, na kwamba watalipa. Lakini wanalipa gari lilivyokuwa siku ile lilipozama, na siku hiyo, wakasema, lilikuwa limechakaa. Wakakata kwa ajili ya dashibodi iliyopasuka. Wakakata kwa kutu ya milango. Wakakata kwa rangi iliyopauka, na kwa zile raba za vioo, zilezile zilizomwagilia mpunga. Kila kilicholiwa na jua, nao wakakila tena. Niliuliza kwenye simu, kwa adabu, gari lisilopigwa na jua Katavi linapatikana wapi. Dada wa ofisini akasema huo ndio utaratibu.

Mkaguzi alituambia kaka anaweza kukata rufaa. Kaka akauliza inachukua muda gani, akaambiwa inategemea. Wakati ule mpunga wa Mpimbwe ulikuwa unakaribia kuvunwa, na wenzake stendi walikuwa wanapaka magari yao grisi. Akasaini. Alisema amechoka kupigiwa muziki. Lori lao likaja likachukua haisi, na mama alipoona inapandishwa na vumbi lake alishika khanga yake kwa nguvu, lakini hakugusa ndoo. Mpunga alishaung'oa mapema, akaupanda pale maji ya kisima yanapomwagika. Kuku wakaula.

Fedha iliyotoka haikununua haisi. Ilinunua bajaji.

Kwa hiyo naendesha. Ndoto yangu imetimia ikiwa na matairi matatu. Natoka sokoni Kashaulili hadi Misunkumilo, na kurudi, na Mpimbwe naisikia kwa abiria tu. Kaka amerudi Inyonga kwenye tumbaku, anasema ni kwa muda. Hasira yake anaileta nyumbani mwisho wa mwezi, anakaa nayo kwenye lile tairi la akiba, ambalo lori lilisahau. Bajaji nyuma ina turubai, haina kioo, kwa hiyo maneno yangu bado ninayo kichwani.

Bima kubwa tumekata tena. Stendi walipocheka, nilicheka nao, kwa sababu mengine yakikuzidi huna la kufanya.

Jioni nikifika nyumbani na tope la siku nzima, mama anakuwa tayari mlangoni, khanga ameifunga kiunoni, ndoo imejaa. Anasimama na kitambaa chake mkononi, hasogei.

"Umeshapiga picha?"

Nazunguka bajaji na simu, mbele, nyuma, chini ya siti, raba moja moja. Mama anahamisha ndoo kutoka mkono huu kwenda ule.

"Bado upande huu," namwambia, naye anasubiri.