Bendera ya Akida Tamimu

Mwantum wa Umwe alikuwa mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache, na yeye na mumewe Kondo waliishi kama chanda na pete.

Wadachi walipowalazimisha watu kulima pamba, Akida Tamimu, msimamizi wao hapo Umwe, alisimika mlingoti mbele ya baraza lake, akapandisha bendera ya rangi tatu: nyeusi, nyeupe na nyekundu.

"Huyo ndiye Kaisari mwenyewe," akawatangazia. "Kila apitaye asimame, avue kofia."

Siku moja Kondo akapita na mzigo wa pamba kichwani, jasho limemwingia machoni. Hakusimama. Askari wakamlaza chini ya mlingoti, wakamchapa hamsa ishirini, mapigo ishirini na matano, kwa kiboko, mkewe akitazama, naye kashikwa mikono. Vidonda vikatunga usaha. Wiki haikuisha, Kondo akazikwa.

Tangu hapo Mwantum hakumwona Kaisari yeyote pale juu. Rangi nyekundu ilikuwa mgongo wa Kondo; nyeupe, sanda yake. Ile nyeusi aliiweka akiba ya Tamimu.

"Mwachie Mungu, wifi," alimsihi Mwanaidi, dada wa marehemu.

"Kondo nimemwachia Mungu. Tamimu ni wangu."

Mara habari za maji ya dawa, ya kuzuia risasi za Wadachi, zikashuka kutoka milima ya Umatumbi. Vijana wa Umwe wakajifunga mabua ya mtama vichwani, na asubuhi moja wakalivamia baraza, wakiongozwa na mwenzao Miraji. Askari wakatimua mbio. Tamimu akakutwa ghalani, kajifukia kwenye pamba kama panya. Miraji akainua mkuki.

"Ngoja kwanza," Mwantum akasema.

Akakata kamba ya mlingoti kwa mundu. Bendera ikaanguka, akaitandaza mavumbini. "Mlazeni juu yake. Na kiboko nipeni."

"Mwanangu," Tamimu akalia, "mimi nilitumwa tu!"

"Hata kiboko kilitumwa. Kaisari wako umemlalia hapo. Mwite."

Akachapa. Akachapa hata mkono ukafa ganzi, akahamishia wa pili. Tamimu alimwita Kaisari, akamwita mamaye, mwisho akawa anagumia tu. Miraji ndiye aliyemmaliza kwa mkuki, na Mwantum hakugeuza uso. Watu walipotaka kuufunika mwili kwa bendera, akaivuta. "Asisitirike nayo!"

Akaifua mtoni, akaisokota ikawa kata ya kuwekea mtungi kichwani.

"Wakikuona nayo watakunyonga," Mwanaidi akasema.

"Ilitaka tuiinamie. Sasa inibebee maji."

Wadachi walirudi na bunduki nyingi kuliko kwanza. Maji hayakuzuia risasi. Walimnyonga Miraji, wakachoma maghala ya mpunga, njaa ikaingia. Mwantum na wifi yake wakakimbilia visiwa vya deltani, kwenye mikoko, wakaishi kwa kaa na mizizi ya ming'oko. Wengi walikufa, wao wakapona. Kata ile ikaoza uzi kwa uzi kwa maji ya chumvi.

Miaka mingi baadaye, wakimenya muhogo kwenye makao yao mapya, Dimani, Mwanaidi akamuuliza, "Wifi, moyo ulipoa siku ile?"

Mwantum akatupa ganda kando.

"Haukupoa. Tamimu alikufa mara moja tu."

Akavuta muhogo mwingine, akaendelea kumenya.