Loyce Anakwenda Kuulizia Kitabu

Loyce Magembe wa Maili Moja, Kibaha, anashona sare za shule, lakini watu wanaomjia kwa sauti ya chini huwa hawajaleta kitambaa. Wanakuja kumtuma akaulizie. Kijana akitaka kuoa kwenye ukoo asioujua, au binti akichumbiwa na mtu wa mbali, Mama Shija, maana ndivyo anavyoitwa kwa jina la mwanawe aliyehamia Geita, hufunga cherehani, hupanda gari, hufika kwa majirani wa nyumba ile na kuomba maji ya kunywa. Akishakunywa hukaa. Haulizi mengi. Akirudi husema alichokiona na alichoambiwa, basi, ushauri hatoi. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa, na hajawahi kuambiwa kwamba aliongeza neno.

Chumba chake cha uani amempangisha Wilfred, karani wa ofisi ya ardhi, kijana mpole asiyesahau shikamoo. Kwa miaka minne Wilfred amekuwa akiomba sebule kila Jumamosi mchana, yeye na wenzake wawili, wacheze mchezo wao wa mezani. Wilfred anasimulia hadithi ya nchi isiyokuwepo, wenzake wanakuwa watu wa nchi hiyo, na penye mashaka wanarusha dadu.

Mwanzoni Loyce alisikia mezani kwake anatajwa mchawi, akauliza taratibu ni nani. Akaambiwa ni Ngusa. Ngusa ni bwana mifugo huko Magindu, na kanisani anaimba besi. Loyce alikwenda kwa padre. Padre akauliza kama wanakunywa pombe. Hapana, chai. Wanacheza kamari? Hapana. Wanagombana? Mara nyingine, na joka. Padre akafikiri kidogo, akasema waendelee. Loyce akaweka masharti mawili tu: waanze kwa sala, na vitabu vyao visipandishwe juu ya Biblia. Sala ikawa inaongozwa na mchawi, kwa kuwa ndiye mwenye sauti.

Mambo yaliharibika walipotaka kuongeza kitabu. Uchawi uliomo kwenye kitabu chao cha kanuni walikuwa wameuchosha wote, na Stellamaris, mchezaji wao wa tatu, alisema kaka yake anayesoma Nairobi akija likizo atawaletea cha nyongeza, kimoja tu, maana mzigo wake umejaa. Vilikuwepo viwili vya kuchagua. Kimoja chekundu, kurasa mia tatu za uchawi wa vita. Kingine cha kijani, chembamba, cha uchawi mdogo mdogo: kufungua mlango, kutibu homa, kutuliza mnyama. Ngusa alisema kikija cha kijani yeye atabaki Magindu na majosho yake ya kuogeshea ng'ombe. Stellamaris, ambaye ni nesi, alisema damu anaiona Jumatatu hadi Ijumaa, kikija chekundu atakuwa anakwenda kulala. Wilfred alisema atafikiria. Akafikiria Jumamosi tatu, na Jumamosi zote tatu hakuna aliyekuja.

Tangu mumewe afariki, Jumamosi ndiyo siku pekee nyumba ya Loyce ilikuwa na sauti za watu. Hilo hakumwambia mtu. Alisali, kisha akamwita Wilfred, akamuuliza kama kuna watu wanaoishi na hicho kitabu chekundu.

Wilfred akasema wapo, Kisarawe. Mwenye kitabu ni mwalimu wa hesabu, jina lake Hashiru.

"Na wewe umemuuliza?"

"Nimemuuliza, mama. Anakisifu sana."

"Mwenye nyumba lazima asifu. Nielekeze mtaa."

Alibadilisha gari mara mbili, akafika Kisarawe kabla ya adhuhuri. Nyumba ya mwalimu ilikuwa imefungwa. Jirani yake alikuwa mama mmoja, Biubwa, amekaa anachambua mchele. Loyce akamsalimu, akaomba maji, akanywa, akakaa. Wakazungumza habari za mvua na za magoti. Mwishowe Biubwa akauliza kama mgeni wake amekuja kwa ajili ya posa ya mwalimu, maana wakati wake ulikuwa umefika hata kupita. Loyce akasema hapana, amekuja kuulizia kitabu chake.

Biubwa akauweka mchele kando. Kisha akasema, "Kile chekundu?"

"Hicho hicho."

"Sogea kivulini, dada yangu."

Akamweleza. Walikuwa wanne, wanacheza barazani Jumapili alasiri, wanacheka mpaka yeye mwenyewe akawa anabeba kigoda chake kwenda kusikiliza. Mpwa wake Zawadi alikuwa askari wa mbele, mwenye ngao. Ndipo kitabu kikaja, na mwalimu ndiye aliyekuwa mchawi.

"Tangu siku hiyo, adui akitokea, mwalimu anasoma ukurasa mmoja, adui kwisha. Zawadi amekaa na ngao yake kama mtu aliyeleta sufuria kwenye shughuli iliyokwisha jana. Utakaa mara ngapi? Akaacha. Na wale wengine wakaacha."

"Na mwalimu?"

"Anacheza peke yake. Anarusha dadu, anashinda, anaingia ndani."

Hashiru aliporudi, Loyce hakumficha lililomleta. Mwalimu akasimama mlangoni na funguo mkononi, akasema kitabu ni kizuri sana, kimeandikwa vizuri, na michoro yake ni ya rangi. Kisha akaingia ndani, akakitoa kimefungwa kwenye gazeti, akasema wakichukue wajaribu, na wakae nacho hata miezi.

Loyce alirudi nacho kwenye mkoba, chini ya kanga. Njiani aliona wazi kwamba angeweza kusema tu ya Biubwa na kitabu kikabaki kwenye vitambaa vyake. Akaona pia kwamba anayeficha nusu ya alichotumwa ni kama hakuenda. Jumamosi iliyofuata akamwambia Wilfred awaite wenzake, wakaja, wakakaa mbali mbali. Loyce akasema yote kama alivyoyakuta, mpaka sufuria, akaweka kitabu mezani. Stellamaris akavuta mkoba wake karibu.

"Mama Shija," Ngusa akasema, "hao wa Kisarawe hawajui kucheza."

"Inawezekana, mwanangu. Chezeni."

Wakasali, wakacheza. Wilfred alikuwa ameandaa genge la majambazi lililoteka kijiji. Kila jambazi alikuwa na jina, na wawili walikuwa na mama wanaowatafuta. Ngusa akafungua ukurasa wa arobaini na moja, akausoma kwa sauti ya besi, akarusha dadu. Wilfred akahesabu kwa penseli. Majambazi wakawa wamekufa wote. Na daraja. Na kijiji.

Stellamaris, ambaye kwenye mchezo ni mganga, akauliza kama kuna majeruhi.

Wilfred akatazama karatasi yake. "Hakuna majeruhi," akasema.

Zilikuwa zimepita dakika kumi na mbili. Ngusa akageuza kurasa mbele, akazirudisha nyuma.

"Sasa?"

"Sasa mmeshinda."

Loyce alikuwa mlangoni na sahani ya mihogo, akaona aiweke tu mezani asiulize. Ngusa akala kipande kimoja polepole. Akasema hata kwenye josho mtu hamwagi dawa yote siku moja, maana kesho ng'ombe atakosa. Kisha, bila kumtazama Stellamaris, akauliza huo uchawi wa kutuliza mnyama unatuliza mnyama wa namna gani.

"Yeyote."

"Hata dume?"

"Hata dume. Na upo mwingine wa kufuata nyayo za mnyama aliyepotea, ila ukikosea dadu unafuata za kwako mwenyewe."

Ngusa akacheka, kwanza kwa pua. Akamwambia ampigie kaka yake, alete cha kijani.

Wiki ile ile Loyce alirudisha kitabu Kisarawe, kwenye gazeti lile lile. Hashiru akakipokea, akauliza kimewafaaje. Loyce akasema kilichotokea, na kijiji akakitaja. Mwalimu akasikiliza huku akitazama baraza lake. Akauliza kama kule Kibaha wana nafasi ya mtu mmoja, hata si lazima awe mchawi, ngao pia anaweza kubeba.

Loyce akamjibu kwamba hilo ni la wenye mchezo, yeye atalifikisha. Ila huwa wanaanza saa nane, na mtu wa Kisarawe akiondoka saa tano atawahi sala.