Mstari wa Shavu la Randa

Ilikuwa mwaka ule karakana ilipoezekwa bati jipya. Hapana, nakosea, ni mwaka uliofuata, maana bati lilikuwa limeshaanza kuvuja pale penye msumari nilioupigilia mimi mwenyewe, na mpaka leo wananisema. Basi mwaka huo ndio kaka yangu, seremala, alipoumizwa bega la kulia.

Karakana yetu ilikuwa na sheria moja. Mkibeba kitu wawili, hakuna kuachia upande wako kabla hujasema "naachia" na mwenzako akajibu "achia." Hata kiwe kigoda. Siku hiyo walikuwa wanashusha kabati kwenye ngazi, kaka yuko chini, juu yuko mwenzake tuliyemwita Randa, kwa kuwa ulimi wake ulilainisha kila kitu. Katikati ya ngazi Randa akaachia bila neno. Kabati likamshukia kaka, akalizuia kwa mkono mmoja, na sisi wengine tukasikia kitu kikilia begani mwake kama kijiti kikavu.

Bega ni nusu ya maumivu. Nusu ya pili ni kwamba Randa aliwaambia watu, "Mzee kachoka yule, mikono imemwisha," na mwenye karakana akamwamini. Mwezi haukuisha, meza ya kaka ya dirishani, aliyofanyia kazi miaka kumi na tisa, ikawa ya Randa.

"Nitampiga kofi," kaka akaniambia, mkono ukining'inia kwenye kitambaa shingoni. "Moja tu. Kwa mkono huuhuu."

"Huo hata kijiko haushiki, kaka."

"Utashika."

Hospitalini walimpiga picha, wakasema kano imechanika kidogo, haihitaji kupasuliwa. Wakamkabidhi kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mwembamba, mkali kuliko mwalimu wa hesabu.

"Baba, ukisikia unavutwa kidogo, sawa," akamwambia. "Ukisikia kuchomwa, simama hapohapo. Na usiinue kitu juu ya bega mpaka niseme mimi. Una haraka gani?"

"Kuna kazi inanisubiri," kaka akasema. Yule dada akadhani ni mlango.

Kaka alikuwa mtu wa pupa, hata gundi hakuisubiri ikauke. Lakini kisasi kilimtuliza kuliko mke alivyoweza kwa miaka yote. Asubuhi anainama, mkono wa kushoto umeshika meza, wa kulia unaning'inia, anauyumbisha taratibu kama kamba ya ndoo kisimani. Kisha anasukuma ukuta kwa ngumi bila mkono kusogea, akihesabu mpaka kumi. Kisha anavuta mabega nyuma, kana kwamba anataka kubana penseli katikati ya mgongo. Shemeji akipita na ufagio anamuuliza, "Mume wangu, unaota mabawa?"

Halafu lile zoezi la vidole. Unasimama karibu na ukuta, vidole vinapanda kama buibui, vinafika vinapofika. Kaka akanituma karakana. "Kasimame na Randa, uone shavu lake linakufika wapi."

Nikaenda, nikajifanya naazima patasi. Randa akanipokea vizuri, akaniuliza hali ya kaka, na mimi namjibu huku nampima kwa macho kama fundi majeneza. Shavu lake lilikuwa sawa na pua yangu. Nikarudi, kaka akanisimamisha ukutani, akachora mstari kwenye usawa wa pua. Shemeji alipouliza ni wa nini, akaambiwa ni rafu ya vikombe.

Wiki ya sita pupa ikamrudia. Akatundika mto msumarini, akauzungushia kofi. Mto haukusema kitu; aliyepiga kelele ni yeye. Tukarudi wiki tatu nyuma.

"Nani alikutuma?" yule dada akafoka.

"Mto ulinitazama vibaya," kaka akajibu, machozi yakimlengalenga.

Baada ya hapo alitii. Alifunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye kitasa, akakunja taulo akaibana kwapani ili kiwiko kisitoke mbavuni, akawa anauvuta. Kisha akaanza kujisukuma kutoka ukutani, baadaye kutoka ukingo wa meza. Siku moja mazoezi, siku moja kupumzika. Mwezi wa tano wa mazoezi vidole vikavuka mstari bila kuchoma. Yule dada akampa ruhusa ya kazi: "Polepole, baba, viwiko karibu na mbavu."

Kesho yake tukaenda. Randa alikuwa chini ya ngazi na kabati, anatafuta mtu wa kulipandisha naye. Kaka akapita, akashika upande wa juu. Nikasema moyoni, kofi limepata mahali pazuri zaidi.

Katikati ya ngazi kaka akasimama, viwiko vimebana mbavu.

"Naachia," akasema.

"Usiachie!" Randa akalia. "Kaka mkubwa, jamani, nakuomba!"

"Angalau wewe umeambiwa."

Mafundi wakaacha misumeno. Mwenye karakana akatoka na mteja wake. Kaka hakuachia, ila hakusogea pia. Hapandi, hashuki. Uzito wote umelala chini, na Randa jasho linamdondoka kidevuni, magoti yanacheza.

"Sema mbele yao," kaka akasema kwa upole kabisa. "Mimi bado nina mikono. Wewe je?"

Hakuna aliyemsaidia. Hata mimi niliyekuwa hatua mbili. Mwishowe ikamtoka, sauti imepasuka: "Niliachia mimi! Bila kusema!"

"Haya, tupandishe."

Wakapandisha. Jioni meza ya dirishani ikarudi kwa mwenyewe, na kwa miaka iliyobaki kaka alimlazimisha Randa kusema "naachia" hata wakipeana kikombe cha chai.

Mimi nilicheka na wenzangu, sikatai. Ila magoti ya yule mtu sikuyasahau. Tukiwa tunakula nikamuuliza kaka, naye akaomba chumvi. Nikamuuliza tena mwaka aliostaafu, akatazama dirishani. Nikamuuliza shemeji baada ya kumzika kaka, naye akanyanyua vyombo. Randa asingesema, kaka, ungengoja mpaka bega lake nalo lilie?