Afande Asiyegonga Mlango

Nyumbani kwetu Tunduma, mpakani na Zambia, alikuwepo askari wa Kiingereza ambaye Mama alimkataza kufa. Sitii chumvi. Alikuwa ndani ya kanda ya video, mzee mnene mwenye masharubu, kofia ndefu kama sufuria iliyogeuzwa, na baiskeli aliyoikokota zaidi ya kuipanda. Jina alikuwa nalo, lakini lilitushinda kutamka. Tulimwita Afande, ikatosha.

Kanda aliileta dereva wa malori aliyepanga chumba chetu cha uani, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati kila kitu kilikuwa kinatoka ng'ambo. Alikwama Kapiri Mposhi, ndani ya Zambia, akingoja spea, na katika nyumba ya wageni akaangalia mchezo wote wa polisi, kipindi kwa kipindi. Akanunua kipindi kimoja. Jumapili baada ya kanisa tulijaa sebuleni, wengine wakaning'inia dirishani, naye dereva akasimama kando ya televisheni kututafsiria. Kiingereza chake kilikuwa cha mizani na matairi, lakini hatukuwa na kingine.

Afande alitupendeza mara moja. Hakumpiga mtu. Alimkamata mwizi wa kuku, na kabla ya kumpeleka kituoni akanywa naye chai. Mama alisema huyo ndiye askari, wengine wamevaa nguo tu.

Karibu na mwisho anaegemeza baiskeli ukutani, anauendea mlango wa kijani wa bohari moja, peke yake. Anainua mkono agonge. Hapo dereva, kwa furaha ya kujua kuliko wenzake, akasema, "Sasa, bamayo, hapa ndipo mzee anakufa." Bamayo ndivyo Wabemba walivyomzoesha kuwaita akina mama.

Mama aliinuka akabonyeza kitufe. Picha ikajikunja, ikawa nukta nyeupe, ikapotea.

"Tuishie hapa," alisema. "Leo yuko mzima."

Watu walicheka wakidhani ni utani. Mama akaitoa kanda kwenye deki, akaifunga kwenye kitenge, akaizika ndani ya pipa la mchele wa Kamsamba aliokuwa akiuza. Kesho yake wanawake wa kwaya wakafika na unga na kuni, kama desturi ya msiba inavyotaka. Mama aliwapokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Msiba wa nani?"

"Wa yule askari, dada. Tumesikia."

"Mmesikia kwa nani? Nani ameona maiti?"

Walirudi na kuni zao. Unga Mama aliuchukua, akisema hiyo ni zawadi.

Basi ikawa mazoea. Kila walipopata nafasi Jumapili, watu walikuja kuangalia kipindi kile kile hadi kwenye mlango wa kijani, na kila mara Mama aliinuka pale pale. Waliotaka kujua mwisho walimfuata dereva uani, naye aliwapa kifo alichojisikia kutoa siku hiyo: mara risasi, mara kisu, mara moyo umesimama, na siku moja nyoka. Nyoka, Uingereza, ndani ya bohari! Watu walibishana hadi wakanuniana, lakini hakuna aliyethubutu kutia mkono kwenye pipa.

Aliyetoa hukumu ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, wakala wa forodha, Mwislamu kutoka Tanga, ambaye Kiswahili chake kilitufanya sote tuonekane wageni.

"Jamani, mbona jambo li wazi," alisema. "Bwana huyu ni kama lori lililokwisha kugongewa mhuri wa kutoka Tunduma, na Nakonde hawajaligongea wa kuingia. Liko katikati ya mageti. Huwezi kusema limefika, wala huwezi kusema limerudi. Basi mwacheni shemeji na mtu wake."

Tukaridhika. Tunduma, hoja ya namna hiyo haina rufaa.

Ambaye hakuridhika ni Baba. Baba alikuwa mlinzi wa usiku stesheni ya reli. Naye alikuwa na sare, na filimbi, na tochi, na hakuna siku watu walijaa sebuleni kuvitazama. Alikaa nyuma, karibu na mlango wa jikoni, akimwombea Mwingereza mauti. Simsingizii, nilimsikia kwa masikio yangu: "Gonga, mzee. Gonga yaishe." Siku moja wageni walipoondoka, akalipuka.

"Mama watoto, mimi natoka hapa usiku. Kuna wezi, kuna fisi. Miaka yote hujaniuliza nitarudi saa ngapi. Mzungu anataka kugonga mlango mmoja tu, unamfichia roho yake kwenye mchele!"

"Wewe si unarudi kila siku?" Mama alisema, akiendelea kupepeta.

Baba alisusa chakula. Nilimwonea huruma na nikacheka, vyote kwa pamoja. Lakini tangu siku ile nilianza kumwangalia anapokwenda kazini. Akishavaa koti alichelewa mlangoni, akipapasa mifuko kutafuta tochi ambayo ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa anangoja kuulizwa. Mama hakuuliza.

Miaka ikaenda. Deki ikafa, kanda ikaota ukungu ndani ya kitenge, dereva akaacha usukani akabaki na tumbo. Baba akastaafu, kisha akaanza kuugua, na madaktari wakasema aende Mbeya kupasuliwa. Siku ya kuondoka ilipokaribia, akamwagiza kaka yangu amtafutie kile kipindi. Kaka akakileta kwenye flashi, kizima, hadi mwisho wake.

"Siwezi kwenda kupasuliwa," Baba alisema, "kabla sijamwona yule mtu anakufa."

Tukaitana mashabiki wa zamani, Jumapili, kama kawaida. Wakala alikuja na mkongojo. Dereva alikuja na habari kwamba mwisho wenyewe ameusahau, na ametudanganya mara nyingi hadi yeye mwenyewe sasa anaamini ni nyoka. Baba aliwekwa mbele, blanketi magotini, rimoti mkononi.

"Leo huzimi," akamwambia Mama.

"Sizimi," Mama akajibu, akaikalia mikono yake yote miwili.

Ikapita chai, akapita mwizi wa kuku, ikaja baiskeli. Tulikuwa tunatamka maneno pamoja nao, wazee wazima, bila kujua maana ya nusu yake. Ukaja mlango wa kijani. Nilimtazama Mama. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, lakini hakuinuka. Niliichukia ile flashi. Niliogopa, tena woga wa kijinga kabisa, na aliyenitia woga hakuwa Afande. Afande akainua mkono.

Kioo kikawa cheusi.

Tulidhani umeme umekatika. Lakini feni ilikuwa inazunguka, na dole gumba la Baba lilikuwa bado juu ya kitufe.

"Tuishie hapa," alisema. "Akafie kwao."

Hakuna aliyecheka. Wakala alisema taratibu, "Katikati ya mageti, mzee wangu," na dereva akatoka nje kupenga kamasi.

Kesho yake asubuhi kaka alileta gari. Miguu ya Mama ilikuwa imevimba, asingeweza safari, kwa hiyo alibaki kwenye kiti chake. Baba akavaa koti, akafika mlangoni, akaanza kujipapasa mifuko akitafuta miwani ambayo ilikuwa usoni.

"Utarudi saa ngapi?" Mama akamwuliza.

Baba aliacha kujipapasa. Alisimama wima kabisa, kama mtu mwenye filimbi.

"Jioni," alisema. "Niwekee chakula."

Mbeya hawamrudishi mtu siku hiyo hiyo waliyompasua, na sote tulilijua hilo, Mama akiwa wa kwanza. Jioni alipika wali, akapakua sahani ya Baba, akaifunika, na tulipokwenda kulala akanikataza kutia komeo.