Raba za Vioo vya Gari la Baba

Nilizibandika raba za vioo vya gari la baba mara mbili, na ile mara ya kwanza ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Baba alitaka jambo moja tu: nimpeleke kwao Tarakea, Rombo, akamwombe msamaha mdogo wake wangali hai wote wawili. Walikuwa hawajasemezana miaka kumi na moja. Siku moja, kwa hasira, baba aling'oa masale, mimea ya mpaka kati ya vihamba vyao, akidai baba mdogo ameyasogeza usiku. Kisha akahamia Old Moshi, akaapa hakanyagi tena Rombo. Kwetu Wachagga masale hayang'olewi ovyo. Ndiyo yanayotenganisha shamba la huyu na la yule, na ndiyo hayo hayo yanayopatanisha watu. Ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, akilipokea yamekwisha, na si rahisi mtu kulikataa.

Mwezi wa tatu, alipotoka hospitali alikolazwa kwa nimonia, baba aliniita.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi bintiye, "mpaka haukusogezwa. Nilijua siku ile ile. Nipeleke kwa mdogo wangu."

Nikasema sawa baba, ila kwanza nitengeneze gari.

Mimi nashona viti vya magari Kiboriloni, kwa hiyo gari lile lilikuwa chini ya mikono yangu. Ni la zamani, milango miwili, halina nguzo katikati. Ukishusha vioo, ubavu mzima unabaki wazi kutoka mbele hadi nyuma. Zuri sana, sikatai. Lakini vioo vya milango havina fremu, na kinachozuia maji ni raba tu iliyopita ukingoni mwa paa. Raba zenyewe zilikuwa zimekauka na kupasuka kama kisigino cha mtu anayelima peku. Masika yalikuwa yameanza, na kila mvua iliponyesha maji yalimwagikia abiria begani.

Baba akasema nimfunike nailoni twende.

"Baba, utaingiaje kwa mdogo wako umelowa kama kifaranga?"

"Anayekwenda kuomba msamaha haangaliwi nguo."

Nikamwambia daktari amekataza baridi. Ni kweli alikataza, lakini nisijisafishe: sikuwa nawaza kifua chake peke yake. Mabasi yalikuwepo, magari ya kukodi yalikuwepo. Nilitaka gari lile, ambalo baba mdogo alijifunzia kuendesha ujanani, liingie uani kwake linang'aa, watu watoke migombani waulize limetengenezwa na nani. Tunajijua. Mchagga hapandi nyumbani na gari bovu, hata kama anakwenda kugombana.

Raba zilitafutwa Kenya, zikaingilia mpakani Holili baada ya wiki mbili. Niling'oa za zamani, nikakwangua gundi kwa kisu butu, nikafuta chuma kwa petroli mpaka kikawa safi. Upande wa abiria, raba ilipungua urefu kwa upana wa vidole viwili. Hapo mwenye akili anasimama. Mimi nikaivuta. Kazi yangu ni ngozi na vitambaa, na ngozi huvutwa ikakaa. Mikono yangu ilifanya ilichozoea. Nikamwaga ndoo nzima ya maji juu ya paa, hakikupita kitu. Nikampigia baba simu kwamba Jumamosi tunaondoka. Akachuma jani la isale, akalifunga fundo, akalitia kwenye bilauri ya maji.

Alhamisi raba ikarudi urefu wake. Pale kioo cha mlango kinapokutana na kile cha nyuma, ikaachia mwanya unaopitisha kidole. Nikapanda Old Moshi kumwambia baba. Nilimkuta ameshapiga pasi koti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Tunaondoka saa ngapi?"

"Nipe wiki mbili, baba. Nimeagiza nyingine."

Akalitazama lile koti. "Mama, twende hivyo hivyo. Nitakaa nyuma."

"Aisee baba! Umengoja miaka kumi na moja, wiki mbili zitakushinda?"

Hilo nililisema mimi, kwa mdomo huu, tena nikicheka. Heri ningeuma ulimi. Baba angeweza kupanda basi siku ile ile, na hakupanda. Alijua kazi ile naifanya kwa ajili yake, hakutaka kunivunja moyo.

Raba za pili zilifika ndefu vizuri. Safari hii sikuvuta. Nilianza katikati ya paa, nikaisukuma taratibu kuelekea pembeni ijae yenyewe kwenye mfereji wake, nikakata ziada, nikapandisha vioo na kuliacha gari limefungwa ili gundi ishike. Kesho yake nilikuwa nafuta gundi vidoleni simu ilipoita. Baba mdogo alikuwa ameanguka shambani akiwakatia ng'ombe majani. Hakufika hospitali.

Tulikwenda Tarakea kumzika kwa gari lile lile, kwenye mvua kubwa, na hakuna tone lililoingia. Nilitamani lingevuja. Baba alikaa pembeni yangu na koti lake lililonyooka, jani la isale mkononi. Kaburini aliinama akaliweka juu ya jeneza. Mama mdogo, mjane wa marehemu, akamwinua polepole.

"Shemeji," akamwambia, "mwenyewe alishasema. Siku ukija, hata mikono mitupu, tukupokee."

Baba akaitikia kwa kichwa. Sikuweza kumtazama mama mdogo, nikaenda kusimama na wapishi.

Wakati wa kurudi, mvua ilikuwa haijakatika. Zamani katika gari lile upepo ulipiga mluzi kwenye vioo vyote, ukitaka kusemeshana na mtu ni lazima upaze sauti. Siku hiyo ndani kulikuwa kimya kabisa. Baba aligeukia kioo nisimwone akilia, akaziba mdomo kwa kiganja. Nilimsikia kila pumzi, njia nzima, mpaka nyumbani.