Simu Moja ya Pap Onditi

Mimi hata risiti ya duka huisoma mara mbili. Kwa hiyo tulipowauliza wasikilizaji wa podikasti yetu hapa Kisumu wanafulia sabuni gani, niliyakagua majibu kama askari. Kampuni moja ya sabuni ilikuwa ikiyasubiri ili iamue kutudhamini. Majibu ishirini na matatu yalitoka Pap Onditi, kwa simu moja, na yote yaliisifu sabuni ya kampuni hiyo. Nilizaliwa huko, lakini sikujiuliza zaidi.

“Bwana Meneja, mmejipigia kura wenyewe,” nilimwambia meneja wa kampuni hiyo alipokuja studioni, mbele ya wenzangu.

“Basi piga hiyo namba.”

Niliiweka simu mezani, spika wazi, nikabonyeza tarakimu kwa madaha. Kioo kikaandika: Mama. Siku hizi nani hukariri namba ya mamake?

“Mama, ni wewe ulijaza?”

“Nilijazia wamama wote wa chama. Si tunakusikiliza na hii simu yangu, na sabuni tunanunua katoni pamoja? Kwani iko shida? Hata ile mche ulibeba Jumapili ni hiyo hiyo!”

Meneja akaitazama kola ya shati langu. Ilikuwa nyeupe pe.